Natafuta daktari bingwa wa magonjwa ya dharura kwa ajili ya mama (presha), na pia vipimo gani afanye hata akiwa mzima?

tunu wa kizuiani:

Habari za muda huu wadau, naomba mnivumilie ni refu kidogo.

Mama yangu ana miaka 61 tunaishi nae Mbagala Kizuiani, presha anayo tangu 2014 na dawa kaandikiwa ila ni mtu wa kunywa akisikia kichwa kinauma, kikipoa anaacha. Jumatano iliyopita saa nane usiku kaniamsha anasema anaona maruweruwe na kisogo kinagonga, kajaribu kwenda chooni akawa anajishikilia ukutani. Tuna ile mashine ndogo ya presha nikampima ikasoma 204 kwa 118, nikajua imeharibika nikarudia ikasoma 209. Nikamuita kijana wa bajaji tukatoka hivyohivyo mama na kanga zake.

Hospitali ya kwanza tuliyofika sitaitaja, mapokezi wakatuambia tukae benchi daktari yuko wodini. Tumekaa dakika arobaini na kitu, mama kainamisha kichwa mapajani, nesi akaja akampa kidonge aweke chini ya ulimi halafu baadae wakasema tu hapa vifaa hamna nendeni mbele. Hakuna barua hakuna gari, tukatafuta bajaji nyingine.

Ya pili ndio niliona tofauti. Mlangoni kabisa kabla hata ya kuulizwa bima kuna kijana kampima presha na sukari ya kidole, kamuuliza mama leo siku gani, wakamsukuma ndani na kiti. Akaja daktari dada mmoja hivi, umri kama wangu, kamwambia mama afumbe macho anyooshe mikono yote miwili, acheke meno yaonekane, ataje majina ya wajukuu zake. Wakambandika nyaya za kifuani. Mimi nikawa namwambia dokta shusha haraka, akaniambia dada hii hatuishushi kwa pupa, ubongo wake umeshazoea presha ya juu, tukiiangusha ghafla damu haitamfika kichwani. Mpaka adhana ya alfajiri mama alikuwa anaongea vizuri kabisa. Nikauliza yule dokta ni wa nini nikaambiwa ni bingwa wa magonjwa ya dharura, mimi sikujua kama hata dharura ina bingwa wake.

Sasa nataka nimpate yule au mwenzake awe ndio daktari wa mama moja kwa moja, nimeenda mara mbili kumuulizia sijamkuta. Mnawapataje hawa watu? Wana kliniki zao? Na pia niambieni mtu wa umri wake anatakiwa apimwe nini na nini hata akiwa hana shida, maana nilipofungua kabati la vyombo nimekuta vidonge vya miezi mitatu havijaguswa, amevifunga kwenye pindo la kanga kuukuu kaficha nyuma ya masufuria. Nimelia.

Mzee wa Yombo:

Pole sana binti, Mungu amsimamie mama. Mimi nakushauri umuanzishie kitunguu swaumu punje tatu kila asubuhi na majani ya mlonge, mimi ninatumia mwaka wa nne sasa na sijawahi kulala hospitali. Hizi dawa za hospitali ukizianza huachi mpaka kufa na zinamaliza figo.

nesi wa zamu ya usiku:

Pole mdogo wangu, na ulifanya vizuri sana kupima mara mbili na kutoka.

Nafanya kazi idara ya dharura mwaka wa tisa sasa kwa hiyo ngoja nikueleze, maana swali lako wengi wanalo. Yule dada hutampata kama unavyotaka. Bingwa wa dharura hana kliniki ya kurudi Jumanne na Alhamisi, anafanya kazi kwa zamu, leo usiku kesho mchana keshokutwa kapumzika, na kazi yake ni yeyote anayeingia mlangoni saa hiyo, wa ajali, wa degedege, mama kama wako, mtoto aliyemeza shilingi. Akishakutoa hatarini anakukabidhi kwa mwingine. Kwa hiyo usitafute jina lake, tafuta mahali ambapo watu wa aina yake wapo saa 24, na kwa huku kwetu ubingwa huu ni mchanga bado. Idara ya kwanza kamili ya dharura ilifunguliwa Muhimbili 2010, mwaka huohuo MUHAS, chuo kikuu cha afya cha palepale, wakaanza kusomesha mabingwa, wa kwanza wakamaliza 2013. Ndio maana hukuwahi kuwasikia. Baadae zile hela za UVIKO zikajenga majengo ya EMD (idara ya dharura) kwenye hospitali nyingi za mikoa na wilaya, ila jengo ni jengo, inategemea na nani yuko ndani yake saa nane ya usiku.

Namna ya kujua sehemu iko vizuri nenda MCHANA mama akiwa mzima. Simama pale emajensi uangalie. Kuna mtu mlangoni anayepima na kupanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao, au wanapangwa kwa kuwahi foleni? Uliza oksijeni ipo, kipimo cha umeme wa moyo kipo, CT-skani (mashine ya picha ya ndani ya kichwa) ipo hapa au mnapeleka wapi, usiku daktari analala hapahapa au anapigiwa simu. Usione aibu, sisi tukiulizwa hivyo tunajibu. Kutoka Kizuiani una hospitali ya Rangi Tatu karibu, una Temeke ya mkoa, halafu Muhimbili. Pita na bajaji siku moja ujue njia na muda, usiku Kilwa Road inafunguka ila mchana unaijua mwenyewe.

Na daktari wa mama, yule wa moja kwa moja, huyo anapatikana kliniki ya presha na sukari. Huyo ndiye wa kumshikilia. Atakayemuona mwezi huu na mwezi ujao akajua kwamba leo miguu imevimba kuliko mara ya mwisho. Mimi wagonjwa wa presha ninaowapokea usiku, nikiwauliza kliniki mara ya mwisho lini, wengi wananijibu mwaka jana.

Halafu ile ya kidonge chini ya ulimi, kama ni ile nifedipini ya haraka, iliachwa miaka mingi kwa sababu hiyohiyo aliyokwambia dokta. Nyumbani msije mkamuwekea, hata jirani akisema yake ilimsaidia.

Mzee wa Yombo shikamoo. Kitunguu ni chakula kizuri wala sikukatazi, ila baba angu hiyo presha yako umeipima lini mara ya mwisho? Kinachomaliza figo ni presha yenyewe ikikaa juu miaka bila mtu kujua. Tafadhali nenda kapime wiki hii.

mwana kihonda:

Naomba niongezee kuhusu kiharusi, kwa uchungu kabisa. Sisi mzee wetu Moro alianza saa moja jioni akinywa uji, kijiko kikadondoka, akakiokota kwa mkono wa kushoto na yeye sio wa kushoto. Tukaona ni uchovu. Bi mkubwa akamsugua mafuta, jirani akamleta mtu wa maombi, saa nne usiku tukamlaza. Asubuhi mdomo umepinda, upande wa kulia wote hamna kitu. Tumemfikisha saa tatu asubuhi daktari akauliza imeanza lini, tukasema asubuhi hii, kumbe ilianza jana yake na kijiko. Akatuambia kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, sio kila hospitali inayo, ila hata ikiwepo inatolewa ndani ya masaa manne na nusu tangu dalili zianze, na lazima kwanza wapige CT-skani wajue ni kuganda au ni mshipa umepasuka. Sisi tulishayala masaa yote tukiwa sebuleni.

Mzee aliishi miaka miwili baada ya hapo, akiwa hawezi kufunga kifungo cha shati.

Kwa hiyo dada Tunu ukiona uso umevuta upande mmoja, mkono mmoja unashuka wenyewe akinyoosha, maneno yanakorogeka, angalia SAA, andika hata kwenye kiganja, na utoke. Usimpe maji, usimpe uji, usimpe kidonge chochote hata aspirini, anaweza kupaliwa, na kama mshipa umepasuka aspirini inazidisha kuvuja. Mlaze ubavu. Hapo hakuna cha rufaa wala kuanzia zahanati, dharura unaingia popote.

tunu wa kizuiani:

Asanteni sana, mwana kihonda pole mno, hiyo ya kijiko imenikaa kichwani.

Nesi naomba kuuliza namba ya ambulansi ni ipi? Kila mtu ananitajia yake.

nesi wa zamu ya usiku:

Ndio maana watu wanachanganyikiwa. 112 ni polisi, 114 ni zimamoto na uokoaji hao wapigie kwenye moto na ajali. 115 ni ya m-mama, bure, hiyo ni ya mjamzito, aliyejifungua na kichanga, ukiwa na mtu wa hivyo piga usisite. 199 ni ya Wizara ya Afya bure pia unauliza na kuelekezwa. Kwa mama mwenye presha saa nane ya usiku Mbagala mimi sitakudanganya, usikae ukisubiri gari lenye king'ora. Weka namba za madereva wawili mnaowajua wanaolala jirani, ongea nao kabisa kwamba nikipiga usiku ni mama. Namba zibandike ukutani, zisikae kwenye simu yako peke yake, siku haupo nani atapiga?

Na andaa mfuko mmoja uninginie mlangoni: kadi ya bima, kitambulisho, daftari lake la kliniki, karatasi yenye majina ya dawa na milligramu zake, jina la dawa au kitu kinachomletea aleji kama kipo, na hela kidogo ya nauli. Kuna watu wanatuletea mgonjwa hajitambui tunauliza anatumia dawa gani tunaambiwa "vile vyeupe vidogo". Vyeupe vidogo viko vingi mno.

Famasi ya Tabata:

Kabla ya vipimo naomba niulize swali moja. Mama anaumwa magoti au mgongo? Anatumia dawa gani ya maumivu?

tunu wa kizuiani:

Magoti ndio. Kuna vidonge ananunua dukani vya rangi ya pinki, anasema vinamsaidia kusali maana bila hivyo kupiga magoti ni shida. Nimeenda kuangalia sasa hivi, ni diklofenaki. Anakunywa viwili kwa siku, ameniambia tangu kabla ya Ramadhani.

Famasi ya Tabata:

Nilikuwa naogopa hilo. Dada, dawa za kundi hilo (diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake) zinapandisha presha, zinazuia dawa za presha zisifanye kazi sawasawa na zikitumika muda mrefu zinaumiza figo. Kwa hiyo mama alikuwa haendi na dawa ya kushusha halafu kila siku anameza ya kupandisha. Mweleze kwa upole aziache, kwa sasa maumivu atumie parasetamo bila kuzidisha, na magoti ayaseme kliniki, kuna mazoezi na njia nyingine. Na asali ameketi kwenye kiti mpaka hapo, sala inasihi kabisa kwa mgonjwa.

Sisi wa madukani tuna lawama hapa. Mtu akija anasema nipe ya magoti anapewa, haulizwi presha. Mimi nilishaanza kuuliza kila mtu mzima na nashangaa idadi ya wanaosema "ndiyo ninayo".

Sasa vipimo. Kwa mama mwenye presha aombe damu ya figo (kreatinini) na chumvichumvi za mwilini hasa potasiamu, mkojo kuangalia protini, sukari, mafuta ya damu, umeme wa moyo, na macho yaangaliwe kwa ndani kabisa sio kusoma herufi tu, maana presha na sukari zinaharibu nyuma ya jicho mtu bado anaona vizuri. Vya damu na mkojo angalau mara moja kwa mwaka, zaidi kama daktari akisema. Sukari ya asubuhi bila kula ikifika 7.0 mara mbili hiyo ni kisukari. Matiti yakaguliwe. Na kama hajawahi kabisa kupimwa shingo ya kizazi amuulize daktari, umri wake umeshapita ule unaolengwa zaidi wa 30 mpaka 50 ila kutowahi kupimwa maisha yote ni jambo la kusema, Ocean Road wanapima. Wewe mwenyewe kama umeshafika 30 upo ndani kabisa, nenda. Mabinti mlionao wa miaka 9 mpaka 14 chanjo ya HPV (ya kukinga saratani ya shingo ya kizazi) ni bure na sasa ni dozi moja.

Chakula nitasema kimoja tu. Chumvi kwa siku nzima isizidi kijiko cha chai kimoja, na hapo unahesabu ng'onda, dagaa wa chumvi, na magadi. Watu wanapunguza chumvi kwenye mchuzi halafu maharage na kisamvu wanatia magadi kipande kizima, na yale nayo ni sodiamu tupu.

mwana kihonda:

Hiyo ya magadi sikuijua aisee. Kwetu kisamvu bila magadi hakiivi.

nesi wa zamu ya usiku:

Kiloweke, ukichemshe muda mrefu, kinaiva.

Tunu kuhusu kupima nyumbani, naona watu wengi wanapima vibaya halafu wanatishika. Mama akae kwenye kiti chenye mgongo, dakika tano kimya, miguu chini asiikunje, awe ameshakwenda chooni, asiongee, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda kwenye mkono mtupu sio juu ya gauni. Mara mbili asubuhi kabla ya dawa na mara mbili jioni, unaandika daftari. Mashine ya kuvaa mkono wa juu ni bora kuliko ya kifundo cha mkono. Ukikuta 180 kwa 120 au zaidi lakini yuko sawa kabisa, mpumzishe dakika tano urudie, ikibaki hapo nendeni siku hiyohiyo. Ikiwa na kifua kubana, pumzi, kuona giza, kuchanganyikiwa, au zile za kijiko cha mwana kihonda, hamna kurudia, mnatoka.

tunu wa kizuiani:

Jamani narudi na mrejesho.

Juzi nilikaa na mama jikoni sikumfokea, nikamuuliza tu kwanini alivificha. Akanyamaza sana akikuna nazi, halafu akasema marehemu shangazi alianza hivyohivyo na vidonge, wakaongezwa na kuongezwa mpaka akafa, kwa hiyo yeye aliona kunywa ni kukubali kwamba na zamu yake imefika. Miaka yote hiyo sikujua kama ana hofu hiyo. Nikamsimulia ya mzee wa Moro na kijiko, bila kumtisha. Akaniomba daftari.

Sasa vidonge vinakaa juu ya chupa ya chai, akimimina chai ya asubuhi lazima avisogeze. Diklofenaki tumetupa chooni. Leo asubuhi 152 kwa 94, sio nzuri bado ila tumetoka 209. Kliniki tumepangiwa Jumanne na damu ya figo tayari imechukuliwa. Nimepita Temeke mchana kama ulivyosema nesi, nimesimama pale emajensi kama nusu saa nikaangalia, nimeuliza yote, mlinzi alidhani nimepotelewa na mtu. Bajaji wawili nimeongea nao.

Kitu kimoja. Wakati namfundisha mdogo wangu kukaa vizuri kupima, nilijipima mimi kwa mfano. Imesoma 144 kwa 92. Nina miaka 34, siumwi kitu.

nesi wa zamu ya usiku:

Usiogope na usiifute hiyo namba. Fungua ukurasa wako kwenye daftari hilohilo la mama, jipime siku saba mfululizo asubuhi na jioni. Siku ya kwanza usiihesabu, zilizobaki tafuta wastani, ukiwa 135 kwa 85 au zaidi unaonwa. Jumanne si unampeleka mama? Ingia nae chumbani na wewe, mwambie dokta tuko wawili.

Mzee wa Yombo:

Marahaba nesi. Nimepima leo hapa zahanati ya jirani, 178 kwa 101. Wamenipa karatasi ya kwenda hospitali kesho asubuhi. Naomba uniambie, niende nimekula au nisile?

nesi wa zamu ya usiku:

Asante baba kwa kwenda. Usile kuanzia saa nne usiku leo, maji kunywa, ili wakuchukue na sukari na mafuta kwa mara moja. Beba kipande cha mkate mfukoni ule wakishatoa damu.